Mgonjwa wa mashine asiambiwe kuchoka ni kawaida

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua tuzungumze na wasomaji wa mkoa wa Kigoma, hasa nyumba zenye mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine. Kuna kauli imezoeleka mno: "Mwenye mashine lazima achoke." Ndugu huisema, majirani huisema, na sisi wahudumu wa afya nasi tumo. Husemwa kwa huruma, lakini ikishasemwa mgonjwa hunyamaza, nasi tunaacha kutafuta. Uchovu huo mara nyingi una sababu inayoonekana kwenye mizani, kwenye vipimo vya damu au kwenye sahani ya chakula, na nyingi kati ya sababu hizo zinarekebishika bila kumpakia mtu kwenye basi la Dar es Salaam.

Cha kwanza ni kujua uchovu wenyewe ni wa lini. Swali ni jepesi na ndugu anaweza kuliuliza nyumbani: "Ukishuka kwenye mashine, inakuchukua saa ngapi kurudia hali yako?" Anayejibu saa mbili au tatu, akala, akajilaza kidogo na jioni akatoka barazani, mwili wake unahimili. Anayejibu "mpaka kesho yake" ana tatizo ambalo mara nyingi limo ndani ya zile saa nne za zamu ya mashine zenyewe: maji yanatolewa kwa kasi, presha inashuka, au uzito anaoshushiwa si wake tena. Na yule anayechoka sawasawa siku zote, iwe siku ya mashine au siku ya mapumziko, atazamwe upande mwingine: damu, chakula, moyo, maambukizi, usingizi, huzuni. Wapo wenye yote mawili, lakini jibu la swali hilo huonyesha pa kuanzia.

Maji ndiko kwenye makosa mengi. Mashine haitoi maji mwili mzima kwa mkupuo. Huyatoa kwenye damu, kisha yale yaliyojificha kwenye nyama na kwenye miguu iliyovimba hujivuta polepole kuingia kwenye mishipa kuziba pengo. Ukiyatoa haraka kuliko yanavyojivuta, presha huanguka, misuli ya miguu hukakamaa, kichwa huzunguka, na moyo wenyewe hukosa damu ya kutosha kwa muda. Mtu hushuka hapo kama aliyetoka kulima tangu alfajiri. Kasi ambayo inashauriwa isivukwe ni mililita 13 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 780 kwa saa, yaani lita 3 na kidogo kwa saa nne. Sasa mchukue anayekuja mara mbili tu kwa wiki, akawa anaongezeka kilo moja kila siku: baada ya siku nne amefika na kilo 4. Hizo hazitoki kwa saa nne bila kumuumiza. Zinahitaji saa tano na ushei, au zamu ya ziada. Tunajua zamu ya tatu inavyozilemea familia, na kwa sababu hiyo tunasisitiza jikoni kuliko pengine popote.

Nyumba nyingi humkataza mgonjwa maji lakini chumvi humwachia. Huko ni kumziba mdomo huku unamwashia kiu. Gramu 8 za chumvi, kama kijiko cha chai kimoja na nusu, hushikilia mwilini takriban lita nzima ya maji. Kiasi cha siku nzima kisizidi gramu 5, nacho ni kijiko cha chai kimoja kisichojaa, pamoja na chumvi iliyokwishaingia kwenye chakula kabla hakijafika nyumbani. Hapo ndipo watu wetu hupotea. Mkoa huu una chumvi ya Uvinza na una samaki wa ziwa wanaokaushwa, wengine kwa kutiwa chumvi. Samaki wa chumvi akilowekwa na maji yakamwagwa mara mbili, hupungua ukali lakini haishi chumvi yote. Afadhali mgebuka mbichi. Magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive upesi, au kwenye mlenda, ni sodiamu ileile iliyovaa jina jingine. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya. Yataiva bila magadi na potasiamu yake, madini ambayo yakizidi hudhuru moyo wa mgonjwa, itapungua. Vidonge na unga wa mchuzi wa paketi viachwe kabisa. Ndimu, vitunguu saumu, tangawizi na pilipili vitoe ladha. Na ile chumvi inayouzwa kama chumvi ya wenye presha isisogezwe karibu na mgonjwa wa mashine, kwa kuwa aina nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Kipimo cha maji kiko kwenye kila duka: chupa ya nusu lita. Mgonjwa akusanye mkojo wa saa 24 na kuupima, kisha kwa siku anywe kiasi hicho pamoja na chupa hiyo moja. Asiyepata mkojo kabisa ana chupa moja tu, na humo ndani mna chai, uji, mchuzi na maji ya kumezea dawa. Ni kidogo mno, hatufichi, na kwenye joto la Uvinza au la mwambao wa ziwa ni mateso. Bila chumvi mateso hayo hupungua sana.

Kuna jambo jingine la mizani ambalo hata wahudumu tunalisahau. Kila mgonjwa ana uzito mkavu, yaani uzito anaotakiwa kuwa nao maji ya ziada yakiisha kutoka. Uzito huo hubadilika. Mtu akianza kula vizuri na kunenepa, nasi tukaendelea kumshusha mpaka kilo zilezile za miezi sita iliyopita, tunamkausha: atapata mkakamao, atazunguzwa na kichwa akisimama, sauti itakauka, na uchovu utamlaza siku nzima. Kinyume chake kinatisha zaidi. Mtu anakonda, nyama inaisha mapajani na mabegani, na maji yanachukua nafasi ya nyama. Mizani inasema kilo zilezile, kila mtu anaridhika, kumbe moyo unafanya kazi dhidi ya lita mbili zisizostahili kuwepo. Huyo hawezi kulala chali, huamka usiku akitafuta pumzi, na mchana hana nguvu. Uzito mkavu uangaliwe upya angalau kila mwezi, na kila baada ya ugonjwa uliomlaza kitandani. Apimwe kwenye mizani ileile, iliyokaa kwenye sakafu iliyo sawa, bila viatu wala sweta. Vazi zito la kilo moja likipimwa kabla lisipimwe baada, hesabu nzima imeharibika.

Sasa damu. Figo nzima hutengeneza homoni iitwayo erithropoietini inayoamuru uboho kuzalisha chembe nyekundu. Figo zikifa, amri hiyo hukoma, na chembe zilizopo nazo huishi muda mfupi kuliko zile siku 120 za kawaida. Ndiyo maana wagonjwa huchomwa sindano ya kuongeza damu. Lengo kwa wengi ni himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ya gramu 10 hadi 11.5 kwa desilita. Watu hutuuliza kwa nini tusiwafikishe 14 kama watu wazima wenye afya. Kuwapandisha kupita 13 kwa sindano hizo kumeonekana kuongeza hatari ya kiharusi na damu kuganda kwenye mishipa, ikiwemo fistula ya mkononi, mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate damu. Sindano hiyo pia haifanyi kazi kesho yake. Huchukua wiki kadhaa, na damu hupimwa kila mwezi. Ikipanda zaidi ya gramu 2 ndani ya wiki nne, dozi ipunguzwe. Na mwenye presha iliyopanda sana hachomwi mpaka ishushwe.

Damu isipopanda licha ya sindano, watu hukimbilia kuongeza dozi. Kwanza uulizwe uboho una nini cha kujengea. Bila madini chuma, amri ya sindano haina kazi, ni kama fundi aliyeitwa kujenga pasipo tofali. Kwa mgonjwa wa mashine, ferritini, yaani kipimo cha akiba ya chuma, iliyo chini ya nanogramu 200 kwa mililita, au chuma kilichobebwa kwenye damu kikiwa chini ya asilimia 20 ya uwezo, ni upungufu, hata kama karatasi ya maabara imeandika "kawaida" kwa vipimo vya watu wasio na ugonjwa. Vidonge vya chuma husaidia kidogo. Wengi huhitaji chuma cha kwenye mshipa, kinachotolewa wakiwa kwenye mashine, na hakitolewi wakati mtu ana homa ya maambukizi.

Chuma hicho kinakwenda wapi? Sehemu kubwa tunaipoteza sisi wenyewe. Ndani ya kichujio na mipira mna damu kama mililita 200. Ikiganda yote kwa sababu heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ilikuwa kidogo au mashine ilisimama umeme ulipokatika, mgonjwa mwenye himoglobini ya 10 amepoteza karibu miligramu 70 za chuma kwa siku moja, wakati utumbo wa mtu hunyonya miligramu moja au mbili kwa siku kutoka kwenye chakula. Kichujio kikitoka na michirizi ya damu kila zamu, tusiseme "kidogo tu." Damu irudishwe kwa kusuuza vizuri, heparini iangaliwe, na kila kichujio kilichoganda kiandikwe kwenye faili. Tuongeze minyoo ya safura, hedhi nzito, na vidonda vya tumbo vinavyochochewa na diklofenaki za kununua dukani. Choo cheusi kama lami ni damu, na kisisubiri zamu ijayo.

Ndugu wengi hutujia wakisema, "Mwongezeeni damu." Iko siku inabidi, mtu anapovuja damu au anapoumwa kifua kwa upungufu. Lakini kila chupa huleta maji na potasiamu, na huufundisha mwili kukataa viungo vya watu wengine. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Kijana anayeongezewa damu mara kwa mara leo anaweza kukosa figo ya dada yake kesho kwa sababu ya kinga hizo. Kuhusu juisi ya rozela, ya matembele au ya bitiruti inayosifiwa kuongeza damu, tunasema wazi: kwa mgonjwa wa mashine ni maji na potasiamu. Potasiamu ikizidi, yenyewe hulegeza misuli mpaka miguu ikashindwa kupanda ngazi, na baadaye husimamisha moyo. Mgonjwa aliyelegea ghafla siku mbili baada ya zamu, au aliyekosa zamu, apelekwe hospitali saa hiyohiyo akapimwe potasiamu na moyo. Asiambiwe akapumzike.

Malaria nayo isisahaulike katika mkoa kama wetu, kwa kuwa huvunja chembe nyekundu. Apimwe, asimezeshwe dawa kwa kubahatisha. Ila si kila kutetemeka ni malaria. Mwenye katheta shingoni, yaani mpira wa kumuunganishia mashine, akianza kutetemeka saa ya kwanza ya mashine, kinachoshukiwa kwanza ni vijidudu ndani ya katheta, na damu ya kuoteshwa maabara ichukuliwe kabla ya antibiotiki. Kuna maambukizi ya kimyakimya yasiyoleta hata homa: jino bovu, kidonda cha kisukari mguuni, kifua kikuu. Haya huufanya mwili ufungie chuma ghalani, ferritini ikaonekana imejaa huku uboho una njaa. Ferritini kubwa pamoja na damu ndogo ni sababu ya kumkagua mtu kuanzia mdomoni hadi unyayoni.

Tusemeje kuhusu kusafishwa pungufu? Urea, taka ya mwili inayopimwa kwenye damu, ipimwe kabla na baada ya zamu. Ikitoka 30 ikafika 10, imepungua kwa asilimia 67; kiwango cha chini kwa anayekuja mara tatu kwa wiki ni 65. Anayekuja mara mbili, tena asiye na mkojo, asilimia hiyo haimtoshi hata ikionekana nzuri. Sampuli ya baada ichukuliwe baada ya kushusha kasi ya damu hadi mililita 100 kwa dakika kwa sekunde 15, ama sivyo utapima damu iliyosafishwa inayozunguka palepale kwenye fistula na kujidanganya. Wagonjwa nao wasiombe kushushwa mapema kwa ajili ya kuwahi gari la Kasulu. Nusu saa kila zamu, mara tatu kwa wiki, ni saa 78 kwa mwaka, karibu zamu 20 zilizopotea. Sumu zinazobaki huua hamu ya kula, na asidi inayobaki hula misuli.

Hamu ya kula inatuleta kwenye kosa linalotuuma sana. Kabla ya kuanza mashine, mgonjwa huambiwa apunguze nyama, samaki, mayai na maharage ili figo zipumzike. Akianza mashine, hakuna anayerudi kumwambia kwamba amri imebadilika. Anaendelea kula ugali wa muhogo na mboga ya majani, muhogo ambao protini yake ni ndogo mno, huku kila zamu ikiondoka na gramu kadhaa za viini vya protini. Mtu wa kilo 60 anayesafishwa anahitaji gramu 60 hadi 72 za protini kwa siku. Yai moja lina gramu 6. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama 20. Kwa hiyo mayai mawili asubuhi, samaki wa kutosha kiganja mchana na tena usiku, hapo amekaribia. Dagaa wanaoliwa wazimawazima na mifupa yao wana fosforasi nyingi, hivyo wawe kiasi. Aliyepewa kalsiamu kaboneti, dawa ya kukamata fosforasi ya chakula, aimeze katikati ya mlo, maana tumboni patupu haina chakula cha kukamatia fosforasi. Fosforasi ikibaki juu kwa miaka, tezi ndogo za shingoni ziitwazo parathiroidi huvimba, mifupa huuma, misuli ya mapaja hulegea, na hata sindano ya damu hugoma. Ndizi, viazi vitamu na parachichi vya Kasulu na Buhigwe ni vizuri kwa wengine. Kwa mgonjwa viazi vikatwe vidogo, vichemshwe kwa maji mengi na maji yamwagwe ili potasiamu ipungue.

Dawa pia zitazamwe moja moja, na mgonjwa aje nazo zote kwenye mfuko. Piriton ya kuwasha kila usiku, gabapentini ya ganzi iliyoandikwa kwa dozi ya mtu mwenye figo nzima, atenololi inayorundikana mwilini: hizi zinaweza kumlaza mtu siku tatu. Dawa ya presha inayomezwa asubuhi ya zamu kwa anayeshuka presha ihamishiwe jioni baada ya kuzungumza na daktari. Mwenye kisukari akumbuke kwamba insulini hukaa muda mrefu zaidi figo zikiwa zimekufa. Kizunguzungu na jasho baada ya mashine ni sukari ya kupimwa kabla hatujasema ni uchovu. Tezi ya shingo, moyo unaopanuka, miguu inayocheza usiku isimwache mtu alale, vyote vina vipimo au dawa. Na huzuni. Baba aliyekuwa na mtumbwi wake Ujiji na leo anasubiri nauli kutoka kwa mwanawe, akisema "nimechoka," aulizwe kwa upole kama ni mwili au ni moyo. Sonona hutibika, hata kwa mwenye mashine.

Kwa wenzetu tunaoendesha mashine: wagonjwa watatu au wanne damu ikiwashuka kwa wiki moja, pimeni maji kabla ya kuwapima watu. Zamu moja hupitisha lita 120 za maji karibu na damu ya mtu, zikitenganishwa na utando mwembamba tu. Klorini na kloramini, dawa za kuulia vijidudu kwenye maji ya bomba, zikipita kwenye tangi la mkaa la kuchujia lililochoka, chembe nyekundu hupasuka. Jumla ya klorini isizidi miligramu 0.1 kwa lita, na kipimo kifanywe kabla ya kila kundi kuunganishwa, si mara moja kwa wiki.

Mwisho, kwa wanaonunua sindano ya kuongeza damu mjini na kurudi nayo Kibondo, Kakonko au vijiji vya Uvinza. Inatakiwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Ibebwe kwenye kiboksi cha baridi chenye barafu, lakini ifungwe kwanza kwenye taulo ili isigusane na barafu, na isitikiswe. Nyumbani ikae katikati ya friji, mbali na chumba cha kugandisha na mbali na mlango. Ikiganda imeharibika hata kama ikiyeyuka inaonekana safi; ikishinda siku nzima kwenye joto la mkoba ndani ya basi, haiaminiki tena. Mgonjwa anaweza kuchomwa, akalipa, na damu isipande. Anayeishi mbali aiache kwenye friji ya kituo anachosafishiwa, ikiwa na jina lake, achomwe hukohuko siku ya zamu.

Wauguzi wa huduma ya kusafisha damu,
Kigoma Mjini